Mkia wa Kipokezi

Tangu insulini ilipodungwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Januari 1922, wagonjwa wa kisukari ambao zamani wangalifariki upesi waliruzukiwa umri, na katika umri huo ndipo taksiri nyingine za maradhi zilipodhihiri katika figo, macho, mishipa ya damu na vidonda visivyopona.

Asili ya sehemu ya madhara hayo ilikwisha kuandikwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeeleza jinsi sukari inavyoungana na asidi za amino na kuleta rangi ya kahawia, jambo lile lile liupalo mkate ukoko wake. Na mwaka 1968, Samuel Rahbar akabaini huko Tehran kuwa damu ya wenye kisukari ina hemoglobini isiyo ya kawaida, ambayo baadaye ilijulikana kuwa imeshikwa na sukari. Dawa ya aminoguanidini, iliyokusudiwa kuzuia muungano huo, iliwafaa panya, lakini kwa binadamu haikufua dafu.

Natija kubwa ilitoka New York mwaka 1992, pale Ann Marie Schmidt, David Stern na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia walipotoa katika mapafu ya ng'ombe kipokezi cha seli kinachozinasa protini zilizoharibiwa na sukari, nao wakakiita RAGE. Ajabu yake, na kwangu hili ndilo kiini cha habari yote, ni kwamba kipokezi hicho hakibagui: mwaka 1999 ilithibitika kuwa hupokea pia protini za S100 zitolewazo na seli za kinga wakati wa uvimbe, hata uvimbe ukawa unauchochea uvimbe mwingine.

Yamkini ndiyo sababu kukiziba kwa nje hakukutosha. Azeliragoni, kidonge kilichotengenezwa kwa shabaha hiyo, kilianguka mwaka 2018 katika majaribio ya maradhi ya Alzheimer, ambayo nayo yalihusishwa na kipokezi hicho. Schmidt, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha New York, alikuwa amekwisha kuugeukia mkia wa kipokezi uliomo ndani ya seli, mahali unapoishika protini iitwayo DIAPH1. Na baada ya kuchuja molekuli zaidi ya 58,000, yeye na wenzake walitangaza mwaka 2021 dawa ya RAGE229, inayouzuia mshiko huo. Panya, tunajua, wamekwisha kutupa matumaini ya uongo mara nyingi. Hata hivyo panya wenye kisukari waliopewa dawa hiyo walipona vidonda upesi zaidi na madhara ya figo zao yakapungua, ilhali sukari katika damu yao haikushuka.