Ostinato: king'ang'anizi katika muziki

Mwaka 1910 mtunzi Claude Debussy alitoa kitabu cha kwanza cha priludi zake za piano, kumi na mbili kwa jumla. Kwangu ya sita ndiyo yenye huzuni kuliko zote. Jina lake, kwa Kiswahili nyayo juu ya theluji, aliliandika mwisho wa kipande, ndani ya mabano. Mpigaji hulikuta akiwa amekwisha kupiga.  

Kipande chenyewe ni kifupi, vipimo 36 tu. Tangu mwanzo tunasikia re-mi, halafu mi-fa, kama mtu anayekokota mguu. Kisha tena re-mi, mi-fa, na tena, karibu hadi mwisho. Juu yake sauti nyingine inajaribu kuimba, inakatika, inajaribu upya. Kile kinachorudiwa chini ndicho wanamuziki wanaita ostinato, neno la Kiitaliano lenye maana ya mkaidi.

Kwetu Uvira, Kongo, kitu hiki tumekizoea, ila si kwa jina hilo. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, ikichanganya, gitaa la mi-solo linashika kifungu kimoja na kukizungusha, solo ikirukaruka juu yake, na hakuna anayeketi. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Warundi wana inanga, ubao uliochimbwa kama karai na kutandikwa nyuzi, mara nyingi nane. Mpigaji anarudia mzunguko mfupi wa nyuzi huku akisimulia kwa mnong'ono, na nyuzi hizo ndizo zinazoupa mnong'ono wake tuni. Basi ukaidi huo unaweza kuchezesha watu, unaweza pia kuwanyamazisha.

Ostinato tuiiteje kwa Kiswahili? Neno linalokuja haraka ni kiitikio, na wapenzi wa mashairi watasema kibwagizo. Yote mawili yanatupotosha. Kiitikio kinamjibu mwimbaji: yeye anatangulia, kwaya inapokea. Kibwagizo kinangoja ubeti uishe. Ostinato haimngoji mtu wala haimjibu mtu. Huzuni ya Debussy inatoka hapohapo: sauti ya juu inalalama, na ya chini inaendelea na re-mi yake kama haijasikia kitu.

Ndiyo maana nachagua king'ang'anizi. Tunalitumia kila siku kwa mtu asiyebanduka kwenye neno lake, kwa hiyo ukaidi wa Kiitaliano umo ndani yake. Tena lina kitenzi tayari: besi inang'ang'ania, solo inatembea. "Marudio" ni pana mno, maana hata ubeti mzima ukiimbwa mara mbili ni marudio.

Wingi wake, ving'ang'anizi, ni mzito mdomoni. Mwalimu wa kwaya akiandika ostinato ubaoni na kusema king'ang'anizi anapofundisha, sitamlaumu.