Kompyuta kisanduku: jina la mashine isiyo na kioo

Katika steshenari nyingi za Kayanga na Omurushaka, pale vijana wanapojaziwa fomu za mkopo wa elimu ya juu na wazee wanapochapiwa barua za mirathi, kompyuta ina viungo vitatu: kioo, kibodi na sipiyu. Sipiyu ni lile kasha refu la chuma linalokaa chini ya meza na kula vumbi jekundu la barabarani. Mtaalamu atakukosoa kwamba sipiyu ni kidude kimoja tu ndani ya kasha, kipana kama vidole viwili, kinachofanya hesabu zote. Akimaliza kukukosoa, naye atamwambia msaidizi wake, "Zima hiyo sipiyu." Jina limeshahama, na biashara inaendelea.

Siku hizi kuna kasha jingine ambalo bado halijapata jina. Ni kompyuta kamili ya mezani iliyobanwa hadi ikaingia kwenye mfuko wa mwanafunzi. Zile za maofisini, kama HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny na Dell OptiPlex Micro, zina takriban sentimita 18 kila upande na unene wa sentimita 3.5. Ukipiga hesabu ya ujazo unapata lita moja na ushei, ndiyo maana wenye fani huziweka zote katika kundi la lita moja. Ndani mna kila kilichomo kwenye lile kasha refu, isipokuwa nafasi ya kuongeza vitu vikubwa. Kioo, kibodi, kipanya na betri havimo.

Anayetaka kuitaja kwa Kiswahili husema "kompyuta ndogo". Hapo ndipo ninapokataa. Mwambie mzazi wa Nkwenda kwamba kuna kompyuta ndogo ya bei nafuu inakuja na basi kutoka Bukoba, naye atasubiri kitu cha kukunjua, yaani laptopu. Atakapofungua boksi na kukuta bati jeusi lenye matundu, atadhani ametapeliwa, na muuzaji ataapa kwamba hakusema uongo. Wote wawili watakuwa na haki. Watu wa Kyerwa wanaijua adha ya jina moja kwa vitu viwili: ukimwambia mtu wa Murongo kwamba unakwenda Isingiro, atakuuliza ni ile kata ya wilayani kwake au ile wilaya ya ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda.

Neno "ndogo" lina kasoro nyingine ya kihistoria, nayo tumeirithi kutoka kwa Wamarekani. Mwaka 1965 kampuni ya DEC ilitoa mashine iitwayo PDP-8, ambayo ndiyo iliyoeneza neno minikompyuta. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Iliitwa ndogo kwa sababu zilizoitangulia zilijaza chumba. Mwaka huohuo Wizara ya Fedha pale Dar es Salaam ilipata kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, na hakuna aliyethubutu kuiita ndogo. (Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, pamoja na runinga, kwa hiyo mjadala wa majina ulilala kwa muda.) Baadaye zikaja mikrokompyuta, ndogo kuliko ndogo. Istilahi inayotegemea udogo huchakaa kila kiwanda kinapopunguza sentimita.

Watengenezaji wenyewe hawajatulia. Apple walitoa Mac mini mwaka 2005. Mwaka 2012 Waingereza wakatoa Raspberry Pi, ubao mtupu wa dola 35, na mwaka huohuo Intel wakatangaza ile waliyoiita NUC, yenye ubao wa sentimita 10 kwa 10. Mwaka 2023 Intel waliachana nayo, ASUS wakaichukua. Mini, Tiny na Micro ni majina ya biashara, kila kampuni na lake, kwa hiyo hata tukitafsiri Kiingereza hatuna cha kutafsiri kwa uhakika.

Tuangalie Kiswahili kilivyofanya kwa ndugu za kasha hili. Kwa mashine yenyewe Wakenya wamekazana na tarakilishi, Watanzania tumebaki na kompyuta, na ngamizi limebaki kwenye kumbukumbu za walimu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na watafsiri wa kazi za namna hiyo ndio waliotuzoesha maneno kama eneokazi kwa ule uso wa kwanza unaouona kwenye kioo. Laptopu ikaitwa kompyuta mpakato, na nadhani ndilo jina zuri kuliko yote: limetokana na kupakata, kwa hiyo linakuambia mashine inakaa wapi. Kishikwambi nalo lilikuwa neno la vitabuni hadi Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba nacho mkononi, kisha vifaa vile vikagawiwa walimu. Leo mwalimu wa Kaisho anasema kishikwambi bila kujiuliza limetungwa na nani.

Jina la kifaa chetu hiki basi lieleze umbo na upungufu wake. Nilifikiria kikompyuta, nikaliacha. Ki- ya kudunisha inanuka dharau, na kwa masikio ya Karagwe, yaliyozoea ka- ya Kinyambo, kakompyuta lingekuwa kitu cha kuchezea watoto. Kibweta ni neno tamu la Pwani, lina maana ya kijisanduku cha kuwekea vitu vya thamani, ila huku juu wengi hawalijui na nisingependa istilahi iombe kamusi kabla ya kuuzwa. "Kompyuta ndogo ya mezani" ni maelezo, na maelezo yenyewe yamepitwa, maana nyingi kati ya mashine hizi hazikai mezani. Hufungwa kwa skrubu nyuma ya kioo, kwenye yale matundu manne yanayoachana milimita 75 au 100.

Ninalopendekeza ni kompyuta kisanduku. Watafsiri wa programu wanalitumia kisanduku kwa vidirisha vya kwenye kioo, najua, lakini likitanguliwa na kompyuta halimchanganyi mtu. Na msikilizaji ana mfano nyumbani kwake tayari: king'amuzi. Anajua kwamba king'amuzi peke yake hakionyeshi kitu, kwamba kinategemea runinga, waya na umeme. Ukisema kompyuta kisanduku, swali lake la kwanza litakuwa "Na kioo?" Swali hilo ndilo linalookoa fedha zake.

Kioo si lazima kiwe gharama mpya. Runinga bapa yenye tundu la HDMI inafaa, mradi familia ikubaliane nani anaangalia taarifa ya habari na nani anaandika kazi ya shule. Ila chunguza nyuma ya kisanduku. Nyingi za zile za maofisini hazina HDMI. Zina DisplayPort, tundu lenye kona moja iliyokatwa, nazo zinahitaji waya wa kubadilisha. Nyingine hazina kadi ya Wi-Fi, kwa kuwa ofisi zilikotoka zilitumia waya wa mtandao ukutani. Nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa zinapata intaneti kwa simu, hivyo kisanduku kisicho na Wi-Fi kitakulazimu uunganishe simu kwa waya wa USB kila mara. Inafanya kazi vizuri tu, na wakati huohuo inachaji simu, lakini ujue kabla ya kulipa.

Umeme ndio unaonifanya nikipende. Kisanduku chenye prosesa ya wati 35, zile ambazo Intel huziwekea herufi T mwishoni, mtu akiwa anaandika au kusoma hula wati 15 hivi. Kasha refu la zamani kwa kazi ileile hula 70. Chukua saa 6 kwa siku, mwezi mzima: kisanduku uniti 2.7, kasha 12.6. Ongeza kioo cha wati 20, ambacho ni uniti 3.6 kwa wote. Jumla ni 6.3 dhidi ya 16.2. Kwa mtu aliye daraja la D1 la TANESCO, ambaye bei yake nafuu ya uniti inategemea wastani wake usizidi uniti 75 kwa mwezi, kasha na kioo chake vinameza zaidi ya sehemu moja ya tano ya posho yote. Akivuka na kuhamishiwa T1, bei ya uniti hupanda karibu mara tatu, na LUKU haina huruma.

Kwa wanaotegemea sola, vilimani Kyerwa au kwenye migomba ya Karagwe mbali na nguzo, tofauti ni kubwa zaidi. Tangu 2023 kuna visanduku vipya vyenye prosesa ya Intel iitwayo N100, na vingi vyake hutumia chaja ya volti 12. Hapa naomba tahadhari: ukimtajia fundi wa sola N100, atakuletea betri, maana kwake hilo ni jina la betri miaka yote. Volti 12 maana yake unaweza kukiendesha moja kwa moja kutoka kwenye betri bila inveta, lakini kisiunganishwe hivihivi. Betri ya asidi inapochajiwa mchana hupanda hadi volti 14.4, kwa hiyo pita kwenye kidhibiti cha kushikilia volti 12. Betri ya Ah 100 ina Wh 1,200. Ukitumia nusu ili isife mapema, una 600. Kisanduku cha wati 12 na kioo cha 20 vitakwenda saa 18. Kasha na kioo, wati 90, havifiki saa 7, tena kabla hujahesabu kinachopotea kwenye inveta.

Upande wa pili wa kukosa betri ni huu: umeme ukikatika, kisanduku kinazima papo hapo na kazi isiyohifadhiwa inapotea. Sehemu kubwa ya Kagera kwa miaka mingi ilitegemea umeme ulionunuliwa Uganda, na aliyeishi huku hahitaji kuelezwa habari za kukatika. UPS ndogo ya VA 650, ambayo kwa kasha refu inakupa dakika chache za kuaga, kwa kisanduku na kioo inaweza kukupa nusu saa na zaidi. Hata hivyo, mwalimu anayebeba kazi kati ya shule na nyumbani, au karani wa chama cha msingi anayezunguka msimu wa kahawa, anunue kompyuta mpakato tu. Kisanduku ni cha nyumba yenye watoto watatu wanaogombea mashine moja isiyotoka sebuleni.

Vingi vinavyofika huku ni mtumba wa ofisi za Ulaya na Ghuba, na kwa kweli mtumba wa ofisi mara nyingi ni bora kuliko kipya cha bei ya kutupa. Tazama kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inadai kizazi cha 8 kwenda juu, yaani i5-8500T na wenzake wa 2018. Cha kizazi cha 6 kitakuwa rahisi zaidi. Nacho kinafaa, kama uko tayari kutumia Linux. RAM isipungue GB 8, na uhifadhi uwe SSD. Kiwashe mbele ya muuzaji na uingie kwenye mipangilio ya BIOS: kikidai nenosiri la ofisi kilikotoka, kirudishe kabatini. Kisha chaja. Mashine za Dell husoma kipini cha katikati ya chaja, na zisipoitambua hupunguza kasi hata kama volti ni sahihi. Mnunuzi ataenda kwa fundi kulalamika kwamba kompyuta ni nzito, kumbe tatizo ni chaja ya kuokoteza.

Kwenye upatanisho wa kisarufi tufuate mpakato: kompyuta kisanduku hii, kompyuta kisanduku hizi, wala tusiseme hiki. Wauzaji wakitaka kunisaidia kulieneza jina, tangazo liwe fupi: "Kompyuta kisanduku, kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256, ina chaja yake, haina Wi-Fi, kioo unajitegemea."