Shiwa Ng'andu: Nyumba Iliyozaliwa na Mpaka

Lori lililopakia shaba Kolwezi likishavuka mpaka wa Kasumbalesa hushika njia ya Dar es Salaam: Kapiri Mposhi, Mpika, kisha Nakonde na Tunduma. Kati ya Mpika na Chinsali kuna njia ya vumbi inayochepuka upande wa kushoto, ikaingia kwenye miombo. Madereva huipita. Mwisho wake kuna jumba la matofali mekundu, lenye ghorofa na mnara, ambamo wageni hulipa fedha nzuri ili walale kama mabwana wa zamani.

Jumba hilo lina deni kwa shaba yetu ya Katanga. Mwaka 1911, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilipotoa shaba yake ya kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipeleka tume kupima mpaka wa Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Wakubwa walikuwa wamekwisha kugawana nchi wakiwa mezani. Sasa ilibidi mtu atembee porini aweke alama. Mmoja wa maofisa wa tume alikuwa Stewart Gore-Browne, kijana wa Kiingereza aliyezaliwa 1883. Kazi ilipokwisha mwaka 1914 alipita nchi ya Wabemba, akaona ziwa lililoitwa Shiwa Ng'andu, ziwa la mamba. Mamba ndiye alama ya ukoo wa kifalme wa Wabemba, kwa hiyo ziwa lilikuwa na wenyewe tangu kale. Gore-Browne aliona mahali pa kujenga.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimchelewesha, akarudi 1920. Reli ya karibu iliishia Ndola. Vyombo vya mezani, vitabu na samani vilibebwa vichwani hadi mto Luapula, vikapakiwa kwenye mitumbwi kupita maji ya Bangweulu, kisha vikarudi vichwani. Matofali na vigae vilifinyangwa na kuchomwa palepale na watu wa vijiji vya jirani. Vitabu vya wageni husifu ndoto ya bwana mmoja. Mimi husoma humo mabega ya wapagazi, ambao majina yao hayakuchongwa popote ukutani.

Watu walimwita Chipembele, kifaru, na hawakumsingizia. Alikuwa mwepesi wa hasira, na fimbo yake iliwajua wafanyakazi. Lakini kifaru huyohuyo aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1935, baadaye akawa msemaji wa maslahi ya Waafrika, na mwishoni akasimama upande wa chama cha UNIP cha Kenneth Kaunda, mzaliwa wa Lubwa, jirani pale Chinsali. Alipofariki mwaka 1967 alizikwa kwa heshima za taifa, juu ya kilima kinachotazama ziwa.

Shamba lenyewe halikumtajirisha. Alipanda michungwa na milimau ili akamue mafuta ya manukato. Ugonjwa wa virusi ukaiua miti. Binti yake na mkwewe waliendeleza mahali hapo mpaka walipouawa mwaka 1992. Jumba likabaki linavuja, karatasi zikaliwa na mchwa. Ni wajukuu waliolikarabati na kuwafungulia wageni milango, wengine wakijenga nyumba za kulala kando ya chemchemi ya maji moto ya Kapishya, isiyo mbali.

Leo mgeni hulala katika chumba chenye meko ya moto, akala chini ya picha za watu asiowajua, asubuhi akapanda kilimani kuliona kaburi. Kwenye barabara kuu malori ya Kolwezi yanapita. Wengi wa madereva wake wamekwisha kulala siku kadhaa ndani ya kabini pale Kasumbalesa, foleni ikiwa haisogei, kwenye mpaka uleule ambao tume ya Chipembele iliupima kwa miguu.