Sifuri ya Grafu Huwekwa na Nani?

Sisi hutazama mstari unavyopanda, tukasahau kuuliza nani aliamua uanzie wapi. Ile nafasi tupu pembeni mwa grafu ina mwenyewe.

Mwaka 1786, William Playfair, Mskoti aliyewahi kumchorea michoro James Watt, alichapisha London kitabu *The Commercial and Political Atlas*. Katika grafu ya biashara ya Uingereza na Denmark na Norway, alipanga miaka 1700 hadi 1780 chini, na pesa upande wa kulia, kila hatua pauni 10,000. Alipofika Scotland alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Mstari wa miaka angeutoa wapi? Akachora pau za mlalo, mbili kwa kila nchi: bidhaa zilizoingia na zilizotoka. Uhaba wa data ndio uliotuletea grafu ya pau.

Michoro ya Playfair ilichongwa kwenye shaba. Siku hizi tunaandika mistari michache ya Python, na Matplotlib inachora. John Hunter, Mmarekani aliyechunguza mawimbi ya umeme kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa, aliitoa mwaka 2003. Alifariki 2012, wengine wakaendeleza. Kwa miaka mingi mhimili ulinyooshwa hadi alama ya kipimo iliyo karibu, na saa zingine nukta ya mwisho ilikaa ukingoni, nusu yake imekatwa. Toleo la 2.0, la Januari 2017, likaanza kuacha nafasi ya asilimia 5 kila upande wa data. Pau hazikuguswa: ziliendelea kukaa juu ya sifuri bila pengo, kwa sababu urefu wa pau ndio ujumbe wenyewe.

Lakini hiyo ni chaguo-msingi tu. Ukiandika `ax.set_ylim(90, 100)`, sifuri imeenda.

Tangu niache chuo, kazi hizi hunisaidia kulipa rent. Mteja mmoja alitaka pau zianzie 90, ati tofauti ya 94 na 97 "ionekane." Kumbe hapo pau ya pili ingekaribia kuwa ndefu mara mbili ya ya kwanza! Nilikataa, kazi ikaenda kwa mtu mwingine.

Kwa hivyo ukiletewa grafu ya bei ya unga au ya kura za maoni, usikimbilie pau ndefu. Soma kwanza namba ya chini kabisa kwenye mhimili. Kama si sifuri, uliza kwa nini.