Makumbusho ni kukumbusha, si kukumbuka peke yako

MAKUMBUSHO ni nomino iliyotokana na kitenzi ‘kumbusha’, nacho kimezaliwa na ‘kumbuka’ katika kauli ya kutendesha, kama ‘amka’ inavyozaa ‘amsha’. Tofauti hiyo ya sauti ni ndogo, ila ya maana ni kubwa. Mtu anaweza kukumbuka akiwa peke yake chumbani. Kukumbusha kunataka mwenzake. Kwa hivyo vinyago vilivyofungiwa kabatini si makumbusho, hata mwenyewe akiviita hivyo.

Nayasema haya nikiifikiria Busia na Malaba. Huko malori hupanga foleni kuingia Uganda, na Wateso na Wasamia wana ndugu zao pande zote mbili za mpaka uliochorwa na wakoloni. Katika nyumba za wazee bado utakuta vinubi, vigoda, vyungu na mirija mirefu ya kunywea pombe ya wimbi. Mzee akishafariki, vitu hivi hutawanyika: vingine hutupwa, vingine huuzwa kwa bei ya kutupa. Akitokea mtu wa kuvikusanya na kufungua makumbusho yake ya binafsi, nitampongeza. Lakini hebu kwanza aisome historia ya watu wawili.

Wa kwanza ni Hugh Stoneham, mlowezi na mwanajeshi mstaafu wa Kitale. Alikusanya wadudu, wanyama na vitabu, na 1926 akaanzisha makumbusho yake ya binafsi. Alipofariki 1966, wasia wake uliacha mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa 1974, nalo ndilo tunaloliita leo Makumbusho ya Kitale.

Wa pili ni Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliyejiuzulu 1966. Yeye alikusanya sanaa za Afrika na maelfu ya vitabu. Pamoja na Mmarekani Alan Donovan alianzisha African Heritage jijini Nairobi, mahali pa kuonyeshea na kuuzia sanaa za bara hili. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyiko wake, akitumaini kwamba nyumba ingegeuzwa kituo cha kusomea mambo ya Afrika. Haikuwa hivyo. Iliachwa ichakae, hatimaye ikabomolewa. Murumbi alifariki 1990. Bahati nzuri, vitu vyenyewe vilisalimika, na leo yeyote anaweza kuvitazama katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katikati ya Nairobi.

Wote wawili walikuwa na nia njema. Stoneham aliifunga nia yake kwa wasia na kwa fedha. Murumbi aliiacha mikononi mwa wengine. Basi atakayefungua makumbusho mpakani aamue mapema nani atarithi ufunguo, fedha za kulipia paa na mlinzi zitatoka wapi, na jina la kila kifaa liandikwe kwa Kiteso, Kisamia na Kiswahili kabla wanaoyajua hawajatutoka.

Wala hataanzia patupu. Kaunti hiyohiyo ya Busia ina Kakapel, mwamba wenye michoro ya kale ambao serikali imeutangaza kuwa turathi ya kitaifa. Mnamo 2024 watafiti walieleza kuwa kunde zilizofukuliwa hapo zina umri wa miaka 2,300 hivi. Kumbe mboga tunayonunua sokoni Malaba ina historia ndefu kuliko mpaka wenyewe!

Tena Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo mwenye mkusanyiko wake ana haki ya kubisha mlango wa serikali ya kaunti na kuomba mkataba ulioandikwa. Ahadi ya mdomo asiikubali.