Shufaa: Neno, Dawa na Boti ya Dar

Mwambie mtu wa Mji Mkongwe kwamba mgonjwa wake ameandikiwa tiba shufaa, atashtuka. Kwa masikio ya pwani, shufaa ni ombi la mtu kwa niaba ya mwenzake, na wengi tumelizoea neno hilo katika mazungumzo ya Siku ya Kiyama. Basi anaelewa moja tu: madaktari wamekata tamaa.

Historia inasema vingine. Mwaka 1967 Cicely Saunders alifungua St Christopher's Hospice jijini London, akishikilia kwamba maumivu ya saratani si ya mwili peke yake; yamo ya moyo, ya imani na ya nyumba nzima. Mofini, alisema, itolewe kwa saa maalumu, isingojewe mpaka mtu alie. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, Kampala. Huko mofini ya unga ilichanganywa na maji, ikawa dawa ya kunywa ya bei ndogo. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi wenye mafunzo maalumu kuiandika.

Kwetu Unguja njia ilipita baharini. Kwa miaka mingi visiwani hapakuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo mgonjwa wa Mnazi Mmoja alipewa rufaa, akapanda boti Malindi hadi Ocean Road, Dar es Salaam: hospitali ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Nauli, mtu wa kumuuguza, pa kulala, si mchezo. Na akimaliza mionzi anarudi kisiwani, maumivu anayo bado. Hapo ndipo shufaa ina kazi.

Lakini kuna hofu. Unguja imeona vijana wakiteketea kwa unga, na mofini ni ndugu wa heroini, zote asili yake afyuni. Ndiyo maana jamaa husema, "Msimpe, atazoea." Hebu tutofautishe: dozi iliyopimwa kwa maumivu ya saratani, chini ya daktari, si uteja. Mgonjwa aliyepata usingizi hula, na huweza kuvumilia matibabu yaliyobaki.

Shirika la Afya Duniani linataka huduma hii ianze mapema, sambamba na tiba yenyewe. Kwa hiyo usingoje siku za mwisho. Siku ile ile majibu yanapotoka, muulize daktari: maumivu yake nani atayashughulikia, na tukirudi nyumbani dawa tutaipata wapi? Mgonjwa aliyezidiwa hana nguvu za kuuliza. Wa kumwombea ni wewe, na hiyo ndiyo shufaa.