Kabla ya Bwawa la Magwagwa: Historia ya Feni Inayojua Kupunguza Mwendo

Mpango wa bwawa la Magwagwa, kaunti ya Nyamira, umekaa kwenye makabrasha ya serikali kwa miongo mingi. Maji ya mto Sondu yanazidi kuteremka hadi Nyakach, yakazungushe mitambo ya Sondu-Miriu, megawati 60, kisha ya Sang'oro, megawati 21. Huku juu, viwanda vya chai kama Sanganyi, Kebirigo na Tombe vinasubiri umeme. Naamini sehemu ya umeme huo tayari vinao: ni ule unaopotea ndani ya viwanda vyenyewe.

Ufundi wa kuuokoa ulianzia shuleni. Miaka ya 1880, Warren Johnson alifundisha katika chuo cha ualimu cha Whitewater, Wisconsin, Marekani. Mtunza jengo aliingia darasani mara kwa mara kutazama kipimajoto, kisha akashuka chini kurekebisha njia za hewa ya moto. Masomo yakawa yanakatizwa. Johnson akaunda kifaa cha kumpigia kengele huko huko chini, na mwaka 1883 akapewa hataza. Mwaka 1895 akapata nyingine, ya mfumo wa hewa ya shinikizo uliodhibiti joto la kila chumba peke yake. Kompyuta zikaingia kwenye kazi hiyo miaka ya 1970, wakati mzozo wa mafuta wa 1973 ulipopandisha gharama za nishati.

Katika kiwanda cha chai, kazi hiyo hiyo ya kudhibiti hewa huanzia kwenye kunyausha majani. Majani mabichi, ambayo robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji, hutandazwa kwenye vihori virefu huku feni zikipuliza kutoka chini. Ukutani kuna vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa chenye maji. Vikitofautiana sana, hewa ni kavu na inatosha yenyewe. Vikikaribiana, kama asubuhi ya ukungu, hewa hupashwa kwa mvuke wa boila la kuni. Msimamizi naye hufinya majani kiganjani. Yakibaki yamefumbatana, yameiva kwa kusagwa.

Penye udhibiti wa kompyuta, vitambuzi hupima hayo kila wakati, na kidhibiti hupunguza mwendo wa mota ya feni pale upepo mwingi hauhitajiki. Faida yake ni kubwa: punguza mwendo wa feni kwa asilimia 20, na umeme inaokula hushuka karibu nusu.

Kanuni za nishati za Kenya za mwaka 2012 ziliagiza majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka vikaguliwe matumizi yao ya nishati kila baada ya miaka mitatu. Ripoti za ukaguzi huo zisomwe mbele ya wakulima wenye hisa, kwa lugha wanayoielewa. Bili ya umeme na gharama ya kuni hutolewa kwanza kwenye mapato ya chai. Bonasi ya mkulima ni kile kinachobaki.